Mama Alisema Bado

Alhamisi, 14 Machi

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mama ni ya uongo, na niliibuni mimi.

Ilikuwa Septemba mwaka jana. Mama alikwenda kliniki kwa mara ya kwanza na mimba hii, nikamsindikiza. Nesi alimuuliza siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Mama akasema, "Nimeizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani. Mwanangu, hebu kimbia nyumbani ukaniangalizie." Nyumbani si mbali, dakika kumi kwa miguu. Nilikimbia, lakini tangu natoka mlangoni nilijua kalenda haipo. Siku moja kabla, msichana mmoja wa darasani kwetu alikuwa amekuja kuazima kitabu. Nilimwona kupitia dirishani akivuka mtaa, nikaona haya kwamba atayaona yale maduara mekundu ya mama, pale sebuleni juu ya cherehani, na atajua ni ya nini. Niliibandua kalenda nikaitupa jalalani. Asubuhi ile jalala lilikuwa limeshachomwa moto.

Nilisimama nikautazama msumari mtupu ukutani. Mkononi nilikuwa na kitabu cha maktaba, na muhuri wa mwisho kwenye karatasi yake ulisema 26 Juni. Nikarudi mbio nikasema, "Tarehe ishirini na sita Juni."

Mama alikunja uso. "Juni? Mimi nilidhani ni mbele zaidi." Kisha akacheka. "Haya, huyu ndiye kichwa cha nyumba. Mimi ni mikono tu."

Nesi akaandika kwa wino. Baadaye mama alipoiona kalenda haipo, nilisema Redio ameichana. Redio ni mdogo wangu, ana miaka sita, na anaitwa hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Alilia, akaapa si yeye, akachapwa.

Naandika haya leo kwa sababu leo uongo umeanza kutembea. Mama, ambaye kutwa hupima watu viuno na mabega, alilazwa kitandani akapimwa tumbo kwa futi ya kushonea kama yake. Sentimita thelathini na tatu. Nesi akatazama kadi.

"Kadi inasema wiki thelathini na saba. Tumbo hili ni dogo. Unakula nini wewe?"

"Nakula kama kawaida."

"Basi hiyo kawaida yako inamdumaza mtoto. Mtoto hakui."

Nyumbani mama alikaa mbele ya cherehani bila kushona.


Jumamosi, 16 Machi

Mama hapendi mayai tangu azaliwe. Leo amekula manne. Ameyatapika mawili.


Jumatatu, 18 Machi

Nimetoa madaftari yangu ya zamani chini ya kitanda. Nimeipata. Tarehe 24 Julai, mwaka jana, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Mama ameniambia ameingia mwezini leo, nimnunulie pamba. Muuza duka ni mwanamume. Nimezunguka mtaa mara tatu mpaka alipotoka akaingia mkewe."

Julai 24, si Juni 26. Nimefanya hesabu mara nne, kwa vidole na kwa karatasi. Wiki nne kamili. Mtoto hajadumaa. Siku ile alipopimwa alikuwa na wiki thelathini na tatu, na tumbo sentimita thelathini na tatu, moja kwa kila wiki. Mama anakula mayai na kulia kwa ajili ya ugonjwa ambao haupo ila kwenye kadi.

Nimefurahi kwa dakika moja. Kisha nikakumbuka kwamba sasa lazima niseme.


Alhamisi, 21 Machi

Nimejaribu kumwambia baba. Baba ni fundi mabomba, na mvua zikianza watu wote wa mjini hukumbuka mabomba yao siku moja. Alirudi amelowa mpaka soksi.

"Baba, ile tarehe ya mama kliniki... huenda si sahihi."

"Tarehe gani?"

"Ya mimba."

Aliinua mkono kama anayesimamisha gari. "Hayo ni ya madaktari. Wamesoma miaka. Usiende kumtia mama yako wasiwasi, ana wasiwasi wa kutosha."

"Lakini mimi ndiye..."

"Niletee taulo, mwanangu."

Nikaleta taulo. Sijui kwa nini nimkasirikie baba. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, na yeye hakuniziba mdomo.


Jumatatu, 25 Machi

Nimeandika barua. Nimeandika nakala tatu mpaka ikanyooka. Nimeeleza kila kitu: tarehe ya kweli, hesabu ya wiki, na kwamba mama hana kosa. Pale mlangoni mwa kliniki kuna sanduku la maoni la bluu. Nimeitumbukiza humo baada ya shule, hakuna aliyeniona.

Sikutia jina langu wala la mama.


Jumanne, 26 Machi

Barua isiyo na jina la mgonjwa. Nawaza hivi, mtu anaweza kuwa wa kwanza darasani katika insha na bado akawa mjinga kiasi hiki?


Alhamisi, 28 Machi

Mvua kubwa. Barabara ya kliniki ni tope tupu. Mama alivua viatu akavishika mkononi.

Sanduku la maoni lina kufuli lenye kutu, na buibui amefuma utando kuanzia kwenye kufuli hadi kwenye tundu la kutumbukizia barua. Utando umetoboka sehemu moja tu, na tundu hilo ni langu.

Yule nesi nimempa jina Bi. Kadi, kwa sababu hasemi "nadhani" wala "naona". Husema "kadi inasema." Leo amepima tena. Mama akamwambia, kwa adabu, "Nesi, mimi naona huyu mtoto bado hajafika. Hajashuka. Wale wengine wawili nilijua."

"Kadi inasema bado siku tano."

"Naelewa, lakini mwili wangu..."

"Dada, wewe ni fundi cherehani, sivyo? Mimi nikija kwako nikakufundisha kukata suruali, utafurahi?"

Wanawake kwenye benchi walicheka. Mama akatabasamu, kwa sababu alikuwa mbele za watu. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nilivuta pumzi niseme. Bi. Kadi akanitazama: "Na wewe, kaa nyuma ya mstari." Nikarudi nyuma ya mstari.

Njiani mama aliniuliza, "Una hakika na ile tarehe, mwanangu? Uliiona vizuri?"

Nikasema ndiyo.

Alinifungulia mlango kabisa, nami nikasema ndiyo.


Jumanne, 2 Aprili

Leo ndiyo siku ambayo kadi inasema mtoto atazaliwa. Mama ameshona mapazia mawili na kuzibua mfereji uani. Hakuna kitu.


Ijumaa, 5 Aprili

Shangazi, dada yake baba, amekuja kukaa nasi. Redio amepata wa kuongea naye.


Jumanne, 9 Aprili

Bi. Kadi amesema basi. Mama amepitiliza wiki nzima, na mtoto, kwa maneno yake, "anakaushwa humo ndani." Kesho alazwe, Alhamisi aanzishiwe uchungu. Hakumuuliza mama. Alimwandikia karatasi akampa, kama mtu anavyopewa risiti.

Jioni mama alikaa akikunja nguo za mtoto. Alikuwa anazungumza na tumbo bila kujua kwamba namsikia. "Sijui nimekukosea nini. Nimekula kila walichosema. Usinisusie."

Nilisimama nyuma ya pazia la mlango na daftari la mwaka jana kifuani. Nilihesabu moja hadi kumi, nikaahidi nikifika kumi nitaingia. Nilifika kumi mara sita. Kisha shangazi akaja na beseni akaniambia nipishe njia.


Jumatano, 10 Aprili

Amelazwa. Nimeweka daftari la mwaka jana kwenye begi pamoja na kanga zake. Katika daftari hili sitaandika kwamba kesho nitasema, nimeshajiahidi hivyo mara nyingi mno.


Ijumaa, 12 Aprili

Naandika ya jana. Nitaandika yote, hata yanayonifedhehesha.

Sikwenda shule. Nilifika wodini saa mbili asubuhi na chupa ya chai. Wodi ya wazazi ina vitanda sita na mapazia ya kijani ambayo hayafiki mwisho, kwa hiyo kila mtu anafichwa robo tatu. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka watu wanaongea kwa kupaza sauti. Bi. Kadi naye alikuwa zamu ya wodi siku hiyo. Hospitali yetu ni ndogo, kliniki na wodi ni manesi wale wale, huwezi kumkimbia mtu.

Walikuwa wamempa mama vidonge jana yake jioni na tena alfajiri. Njia ya uzazi haikufunguka vya maana. Asubuhi ile wakampasua chupa ya uzazi, maji yakatoka, wakamwekea dripu ya kuleta uchungu. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti, ameshika mkono wa mama, na alikuwa ameshanuna tangu zamani.

"Nesi," mama alisema, "nikwambie kitu kwa mara ya mwisho. Huyu mtoto bado."

"Kadi inasema wiki arobaini na moja."

"Kadi haijawahi kubeba mimba," shangazi akasema.

Mama wa kitanda cha jirani aliangua kicheko katikati ya maumivu yake. Bi. Kadi akamgeukia shangazi. "Wewe nani?"

"Mimi ni wifi yake. Na wewe ni nani, mwandishi wa kadi?"

Ndani ya dakika mbili shangazi alikuwa nje, anaongea na mlango. Wanaruhusu ndugu mmoja tu, kwa hiyo nikaingia mimi.

Sikujua. Nimesoma vitabu vingi, na kwenye vitabu mwanamke hushika ukingo wa kitanda, kisha aya inaisha, kisha mtoto analia. Hakuna kitabu kilichoniambia kwamba mama yangu atanitazama asinitambue. Nilihesabu matone ya dripu kwa saa ya ukutani: arobaini kwa dakika. Uchungu ulikuwa unakuja, unapanda, na kabla haujashuka mwingine umeshaanza, hata nafasi ya kumeza mate hapati.

"Wa Redio ulikuja unabisha hodi," aliniambia, kwa sauti ambayo siijui. "Huu umevunja mlango."

Nilimfuta uso. Nilimpa maji kwa kijiko. Saa tano. Saa sita. Saa saba. Bi. Kadi alikuja kupima njia, akavua glavu, akasema, "Sentimita nne tu," akaongeza dripu. Matone sitini. Hakumwambia mama amefanya nini. Nilizitazama kalamu tatu mfukoni mwake, na saa iliyopachikwa kifuani kichwa chini, na nilimchukia mtu kwa mara ya kwanza maishani kwa chuki ya kweli, ya tumboni. Na kila nilipomchukia, kitu kilikuwa kinaniambia kwamba anasoma nilichoandikisha mimi.

Saa nane na nusu hivi mama alipiga ukelele. Si kilio, ukelele, kama mtu aliyeona nyumba inaungua. Alimwita mama yake, ambaye alifariki kabla mimi sijazaliwa.

Bi. Kadi alivuta pazia. "Kelele za nini? Unawatisha wenzako." Kisha akainua kadi, akaipiga piga kwa kalamu, na akasema kwa sauti ya wodi nzima kusikia, "Mwezi wa Juni hukupiga kelele."

Mtu mmoja alicheka kule mwisho. Mama aligeuza uso ukutani. Mama, anayemwambia kila mteja wake kwamba mwili wake ni mzuri, ni nguo tu ndiyo ilikosewa, aligeuza uso ukutani kwa aibu.

"Haikuwa Juni," nikasema.

"Nini?"

"Haikuwa Juni! Ilikuwa Julai! Tarehe ishirini na nne Julai!" Sikuijua sauti yangu. Ilikuwa kubwa kuliko mvua. "Juni niliibuni mimi! Kalenda niliitupa mimi! Mama anakwambia tangu Machi kwamba bado, na wewe unamwambia kadi, kadi, kadi! Kadi ni uongo wangu, na wewe umemwamini mtoto wa shule ukamkataa mwenye tumbo!"

"Binti, hapa si shuleni kwenu. Toka nje."

"Sitoki."

Daktari alikuwa anapita kwenye korido, kijana mwenye viatu vilivyojaa tope. Aliingia kwa sababu ya kelele. Nikamtolea daftari, nimeshalifungua ukurasa wenyewe. Alisoma kimya, akafika kwenye muuza duka na kuzunguka mtaa mara tatu, na masikio yangu yakawaka moto, lakini sikuangalia chini. Akahesabu kwa vidole. Akaweka mkono juu ya tumbo la mama, akasubiri uchungu upande na kushuka, akachukua kile chombo kama tarumbeta ndogo akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mama, ni kweli Julai?"

"Nimesema," mama akasema, bila kugeuka kutoka ukutani. "Nimesema mpaka nimechoka."

Daktari alimtazama Bi. Kadi. "Huyu ana wiki thelathini na saba. Mtoto hajadumaa wala hajapitiliza. Ni mzima, ila ameitwa kabla hajavaa nguo. Na mapigo ya moyo wake yanashuka, tumemchosha. Punguza dripu. Sasa hivi. Maji yameshapasuliwa, hakuna kurudi nyuma, lakini hatuwezi kumkimbiza. Andaa oksijeni, na chumba cha joto wajue."

Bi. Kadi alipunguza dripu. Matone ishirini. Mikono yake ilikuwa myepesi na sahihi, na sitaficha kwamba alifanya kazi vizuri kuanzia hapo. Lakini hakumwambia mama samahani. Aliniambia mimi, "Ungesema mapema." Hilo moja alikuwa na haki nalo.

Uchungu ukaanza kuacha nafasi. Mama alipata kumeza mate. Alinishika mkono, sijui kama alijua ni wa nani.

Mtoto alizaliwa saa kumi na robo. Wa kike. Alikuwa na manyoya laini mabegani, na ngozi kama karatasi ya kufungia mkate. Hakulia vizuri. Alikuwa anaguna kila akitoa pumzi, na mbavu zake zinaingia ndani. Walimwonyesha mama kwa muda wa kupepesa macho, wakampeleka chumba cha joto. Kilo mbili na gramu mia nne.

Mama alikuwa amechanika. Bi. Kadi alimshona, na sindano ya ganzi naona iliwekwa kwa jina tu, kwa maana mama alikuwa anaruka kila akichomwa. Hakulia tena. Alimtazama nesi kati ya magoti yake akasema, "Mshono gani huu? Mimi mteja angenirudishia."

Shangazi alicheka huko nje mlangoni. Mimi sikucheka. Mama hakuwa amenitazama tangu nilipopiga kelele, na mpaka naondoka hakunitazama.


Jumamosi, 13 Aprili

Mtoto yuko na mirija puani. Anapumua mara sitini na nane kwa dakika. Nimehesabu kupitia kioo.

Baba amejua, shangazi amemwambia. Nilingoja anigombeze. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akaangalia mikono yake. "Ulinijia," akasema. "Siku ile ya taulo." Afadhali angegomba.


Jumapili, 14 Aprili

Nimemwambia Redio ukweli kuhusu kalenda. Akasimama juu ya kiti, akatangazia nyumba nzima: "Nilisema si mimi! Nilisema! Nilisema!" Ameisema siku nzima. Shangazi akamwambia inatosha. Nikasema mwache.


Jumanne, 16 Aprili

Wamemtoa mirija. Anapumua mwenyewe. Mama anamnyonyesha kwa kumkamulia kwenye kikombe kidogo, kwa sababu bado hajui kuvuta. Inachukua saa nzima, kisha inaanza tena. Mama anakaa kwenye benchi la mbao na mshono ule. Hakuna mto. Nimepeleka mto. Akasema asante, kama anavyomwambia mteja.


Alhamisi, 18 Aprili

Wote wawili wako nyumbani. Mvua haikatiki.


Jumatatu, 22 Aprili

Leo mama amezungumza nami. Nilikuwa namshikia mtoto huku yeye anafunga kamba ya kuanikia nguo ndani, kwa sababu nje hakukauki kitu.

"Nimekukasirikia," alisema.

"Najua, mama."

"Hujui. Unadhani ni ile kalenda. Kalenda ulikuwa na haya, mimi mwenyewe nilikuwa na haya umri wako, nilizika vitambaa vyangu ardhini kama maiti." Alivuta kamba ikakaza. "Siku ile tulipokuwa na matope miguuni nilikuuliza. Mimi na wewe tu. Ukaniambia ndiyo."

Nilitaka kusema samahani, nikaona neno hilo dogo mno.

"Nikajiona mwendawazimu. Mwili unaniambia hivi, mwanangu aliyesoma ananiambia vile. Nikauamini uongo wako nikauacha mwili wangu." Akaanika nepi. Akaanika nyingine. "Halafu kuna lile lililoniuma zaidi. Pale wodini. Nimesema kwa mdomo wangu wiki mbili, mtu mzima, mama wa watoto. Hakuna. Wewe ukatoa daftari wakasikia papo hapo. Daktari kanisoma kwenye daftari lako, mpaka na pamba yangu, ndipo akaniuliza mimi ni kweli? Nilikuwa nimelala pale pale."

"Nilitaka kukusaidia."

"Ulinisaidia. Mtoto yuko hai. Sijasema hukunisaidia." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alinitazama usoni. Macho yalikuwa makali. "Nasema hivi. Wakiniuliza mimi, usinijibie. Hata kama unajua. Hata kama una karatasi. Sikia?"

"Nimesikia."

"Mpe mtoto bega, amelala vibaya."

Nimekaa na maneno haya kutwa. Nilikuwa nimepanga hasira yangu vizuri, nyingi imeelekea kwa Bi. Kadi, na kidogo kwangu mimi, kama mizani. Sikuwa nimeona kwamba hata kelele zangu zile, ambazo kwa siri nilikuwa nazionea fahari, zilimsemea mama mwenyewe akiwepo.


Jumanne, 30 Aprili

Leo ndiyo siku aliyopaswa kuzaliwa. Amevuta ziwa mwenyewe kwa mara ya kwanza, akashiba, akalala mdomo wazi. Shangazi amesema, "Mnaona? Leo ndiyo amefika." Mama aliingia chumbani akafunga mlango, na nilimsikia akilia, si kwa furaha tu.


Jumamosi, 11 Mei

Siku mbili bila mvua. Mtihani wa hesabu nimepata chini ya nusu.


Alhamisi, 23 Mei

Mtoto ametimiza wiki sita. Tulikwenda kliniki kwa miguu, barabara imekauka na nyayo za watu zimegandia kwenye udongo. Kilo tatu na gramu mia tisa.

Bi. Kadi alikuwa mezani. Alipotuona alikaa wima kidogo. Akafungua kadi mpya, ya mtoto, akachukua kalamu, akamtazama mama, kisha akanigeukia mimi. Alikuwa mpole. Nadhani alidhani ananiheshimu.

"Haya, mwandishi wetu. Damu ya uzazi ilikatika lini? Mshono umepona? Wewe unaandika kila kitu."

Jibu nilikuwa nalo, na siku pia. Mama alikuwa amesimama na mtoto kifuani, anasubiri.

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Huyu hapa."

Bi. Kadi alibaki na kalamu hewani. Mama akavuta kiti cha mbele ya meza, kile ambacho wagonjwa hawakaribishwi kukikalia, akakaa. "Andika," akasema. "Naanza na mshono."

Nikatoka nje. Nikavuta mlango nyuma yangu ili wa kwenye benchi wasisikie. Nikakaa mwisho wa benchi, kando ya mwanamke aliyekuwa akijipepea kwa kadi yake, nikasubiri mpaka mama alipomaliza.